Shahada inayosomewa shimoni

Ulipopangwa ujenzi wa jumba la makumbusho Laetoli, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, kabla ya fundi kuanza msingi waliitwa wanaakiolojia. Eneo likapimwa, likagawanywa miraba, yakachimbwa mashimo ya majaribio ya mita 2 kwa 2 ili kujua kama chini yake kuna kitu ambacho jengo lingekiharibu. Huo ulikuwa mwaka 2014. Ni kazi isiyo na mbwembwe: kupalaza udongo kwa mwiko, kuchekecha, kuandika, kuhamia shimo linalofuata. Katika mashimo hayo zikatokea nyayo.

Zilikuwa nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.66 iliyopita, juu ya majivu ya volkano yaliyolowa. Zilikuwa mita 150 hivi kutoka zile ambazo timu ya Mary Leakey ilizifukua mwaka 1978 na kuwashangaza walimwengu. Mmoja wa waliopita pale alikadiriwa kuwa na kimo cha sentimita 165, mrefu kuliko wenzake wote waliojulikana Laetoli hadi siku hiyo. Matokeo yalichapishwa Desemba 2016, na majina mawili ya kwanza kwenye orodha ya waandishi ni ya Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki, wote wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Ugunduzi mkubwa kama huo ulitokana na utaratibu ambao mwanafunzi wa shahada ya kwanza anafundishwa, anafanyiwa mtihani, na mara nyingi analalamika kuwa unamchosha. Kwa hiyo ukitaka kujua akiolojia inasomwaje katika chuo kikuu, na kwa nini nchi hii inawahitaji wanaoisoma, tazama zaidi mashimo yale ya majaribio kuliko mafuvu ya kwenye picha.

Karibu kila Mtanzania aliyepita kidato cha kwanza amewahi kukutana na akiolojia, japo wachache wanakumbuka. Kwa miaka mingi somo la historia limeanza na vyanzo vya historia, kisha mabadiliko ya binadamu na Zama za Mawe. Tulikariri Oldupai, Isimila, Kondoa Irangi, Engaruka. Tulichora fuvu la Zinjanthropus, lile aliloliona Mary Leakey Julai 1959, tukiiga picha nyeusi ya kitabuni. Mtihani ulipokwisha, majina yakabaki majina. Mtoto wa Iringa mjini, kilomita 20 hivi kutoka korongo la Isimila lililojaa mashoka ya mawe, alimaliza sekondari bila kushika hata shoka moja.

Linashikwa chuoni. Mwalimu huweka mezani mawe mawili yanayofanana, hasemi neno, halafu huuliza: lipi lilivunjika lenyewe mtoni, na lipi lilipasuliwa na mtu? Darasa zima hubabaika. Kisha kidole cha mwalimu huonyesha kauvimbe kadogo karibu na pale jiwe lilipopigwa, na makovu yanayopishana kwa mpangilio pembezoni. Mto hauna mpangilio huo. Kuna mkono uliopiga, ukageuza, ukapiga tena, ukijua unataka kufika wapi. Wengine hukumbuka siku hiyo kuwa ndiyo waliyoacha kuwaza kuhama kozi.

Maana kuhama huwazwa sana. Wapo wanaoingia akiolojia kwa kuitaka tangu utotoni, ila wengi, na hili linajulikana kwa yeyote aliyepita Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliandika sheria au uandishi wa habari kwenye chaguo la kwanza, na alama zao za HGL au HKL zikawaleta huku. Nyumbani swali ni lile lile: “Sasa mwanangu, hiyo utaajiriwa wapi?” Ni swali la haki. Mzazi aliyeuza ng'ombe kumalizia ada iliyobaki baada ya mkopo ana haki ya kuuliza, na nitalirudia baadaye.

Somo lenyewe halina umri mkubwa hapa nchini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kulifundisha mwaka 1985, kama kitengo ndani ya Idara ya Historia. Kabla ya hapo Mtanzania aliyetaka kuwa mwanaakiolojia alilazimika kwenda ng'ambo, na ardhi ya nyumbani ikaendelea kuchimbwa na kusimuliwa zaidi na wageni. Leo anayejiunga anasoma kwa miaka mitatu mambo ambayo kwa kawaida hukaa katika vitivo tofauti: jiolojia ya matabaka, mageuzi ya binadamu, Zama za Chuma, miji ya pwani, mifupa ya wanyama, upimaji na ramani, utunzaji wa makumbusho, na Sheria ya Malikale ya mwaka 1964, ambayo inakilinda kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu hapa kabla ya mwaka 1863.

Aliyekimbia fizikia na kemia kidato cha tatu anakuta zimemsubiri. Atajifunza kwamba kaboni 14 iliyomo kwenye kipande cha mkaa hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi, na kwamba ikifika miaka 50,000 kinachobaki ni kidogo mno kupimika. Kwa hiyo mkaa wa jikoni pa Kilwa unaweza kutoa tarehe, lakini Oldupai haipimiki hivyo. Huko hupimwa majivu ya volkano, kwa kuangalia potasiamu iliyogeuka kuwa agoni. Njia hiyo ndiyo iliyompa Zinjanthropus miaka milioni 1.75 mwaka 1961, wakati wasomi wengi walidhani hata milioni moja hafikishi. Mwanafunzi wa sanaa anayeielewa hesabu hiyo hatishwi tena na makala ya kisayansi gazetini.

Halafu inakuja fildi, na hapo ndipo wanafunzi huchujwa.

Kazi huanza kabla jua halijawa kali. Vigingi vinapigwa, kamba inavutwa, pembe zinapimwa hadi mraba uwe mraba kweli. Majani ya juu yanaondolewa. Kisha watu wawili au watatu wanapiga magoti na kuanza kushuka sentimita 10 kwa wakati mmoja, kila hatua wakiita levo. Mwiko wa fundi mwashi unashikwa ukiwa umelala, haudungi, unapalaza. Udongo unaingia kwenye karai, karai linapelekwa kwenye chekeche, na hapo wengine wanatikisa hadi vumbi liwakae kwenye nyusi huku macho yakitafuta ushanga mdogo kuliko punje ya mtama. Timazi inaning'inia ukutani mwa shimo kuhakikisha ukuta umesimama wima.

Amri ya kwanza ni kwamba ukiona kitu, usikichomoe. Mkono unataka kuchomoa, na wa mgeni hutetemeka kwa hamu. Kigae kinaachwa palepale kilipolala. Kinapimwa kutoka ukuta wa kaskazini, kutoka ukuta wa mashariki, na kina chake kutoka juu. Kinachorwa kwenye karatasi ya miraba, kinapigwa picha pamoja na mshale wa kaskazini na kipimo, na baada ya hapo ndipo kinaingia mfukoni. Mkaa wa kupimwa haushikwi kwa vidole. Unachukuliwa kwa koleo dogo na kufungwa kwenye karatasi ya fedha. Kila mfuko una lebo yenye jina la eneo, mraba, levo, tarehe na herufi za aliyechimba. Kigae kisicho na lebo ni kama kielelezo cha mahakamani kisicho na namba, hakimu hawezi kukipokea hata kikiwa cha kweli.

Ukali huu una sababu nzito. Mkemia akikosea jaribio hulirudia kesho. Mwanaakiolojia harudii, kwa sababu shimo likishachimbwa mpangilio wa vitu uliodumu miaka 1,000 umekwisha, na kinachobaki ni maandishi ya yule aliyekuwa amepiga magoti pale. Akiwa mvivu, au akiandika alichodhani badala ya alichoona, hakuna wa kumsahihisha. Ndiyo maana naiona akiolojia kuwa moja ya shahada chache zinazofundisha uaminifu kwa vitendo. Kijana wa miaka 21 anapewa kitu kisicho na mfano wake duniani, anaambiwa akiharibu kwa makusudi, polepole, na atoe ushahidi kamili wa alichoharibu.

Kinachowashinda wengi si vitu, ni rangi. Udongo mwekundu unageuka kahawia, halafu mahali fulani panatokea duara jeusi la upana wa kiganja. Mwanafunzi asiye makini anapalaza na kupita. Mwalimu anamsimamisha, anamwagia maji kidogo, na duara linajitokeza wazi. Ni tundu la nguzo. Mti wenyewe ulishaoza karne nyingi zilizopita, ukaacha kivuli chake udongoni.

Vivuli kama hivyo vilibadilisha historia ya Waswahili. Katika miaka ya 1960 Neville Chittick alichimba Kilwa Kisiwani, akaona misikiti ya mawe, vyombo vya Uajemi na China, na jumba la Husuni Kubwa, akaandika kuhusu miji iliyoanzishwa na wageni waliotoka ng'ambo ya bahari. Miaka ya 1980 Mark Horton akachimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, Kenya. Chini ya msikiti wa mawe alikuta misikiti mingine ya zamani zaidi, midogo, ya miti na udongo, ya chini kabisa ikiwa ya karne ya 8. Alichokuwa nacho mkononi kwa sehemu kubwa ni alama za nguzo. Huku kwetu, Felix Chami wa Mlimani akafuatilia vyungu vyenye michoro ya pembetatu kando ya pwani na ndani ya bara, akaonyesha kwamba wafinyanzi na wafua chuma wa Kiafrika walikuwa wamekaa na kufanya biashara hapa muda mrefu kabla ya minara ya mawe.

Mjadala haujafungwa. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale kutoka miji ya pwani na bara la karibu. Ulionyesha kwamba katika wengi wao zaidi ya nusu ya nasaba ni ya Kiafrika, hasa kwa upande wa mama, na kwamba kuanzia mwaka 1000 hivi iliingia nasaba ya Asia, hasa ya wanaume wa Uajemi. Pwani nzima ilizungumza. Wapo waliosema nasaba za Kishirazi zimethibitishwa, na wapo waliosema uenyeji umethibitishwa. Aliyesoma akiolojia anaweza kukaa katikati ya kelele hizo na kuuliza maswali yanayofaa: mifupa ilitoka makaburi yapi, ya watu wa tabaka gani, wa karne zipi? Waliozikwa kando ya msikiti wa mawe hawawakilishi kila aliyeishi mjini. Maswali hayo hufundishwa mwaka wa pili.

Jioni za fildi hazina mapumziko. Vigae vinaoshwa kwa mswaki kwenye beseni, vinaanikwa kivulini, vinapangwa: ukingo huku, shingo huku, tumbo huku. Vilivyochorwa vinatengwa. Baada ya juma moja mwanafunzi anaanza kutambua kwa kidole tu kama mfinyanzi alichanganya mchanga mnene au laini, na kama michoro iliwekwa kabla udongo haujakauka. Nina imani kwamba hapa ndipo heshima kwa waliotutangulia huanza hasa. Unashika kazi ya mwanamke wa karne ya 7 (wafinyanzi wa vyungu pwani wamekuwa zaidi wanawake kwa kumbukumbu zote tulizonazo), unaona alipobonyeza kwa kucha, na unajua hakuna mfalme wala kitabu kilichowahi kumtaja.

Chuma nacho kina wanafunzi wake. Ufipa, upande wa Nkasi, bado yamesimama malungu, matanuri marefu ya udongo kuliko mtu, yaliyoyeyusha chuma kwa hewa inayojivuta yenyewe bila mivukuto. Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndiye aliyeyachunguza kwa kina. Mwanafunzi anayepita pale hujifunza kuokota mavi ya chuma, kuyapima uzito, kuyakata na kusoma ndani yake joto na ustadi wa wahenga. Na Kagera, katika miaka ya 1970, Mmarekani Peter Schmidt, ambaye baadaye alishiriki kuanzisha somo hili Mlimani, alipelekwa na wazee wa Katuruka mahali palipotajwa kwenye masimulizi ya mfalme Rugomora Mahe kuhusu uhunzi. Alipochimba akakuta mabaki ya uyeyushaji chuma wa zaidi ya miaka 2,000. Wazee walijua. Kwa hiyo mwanafunzi mzuri hafiki kijijini na kukimbilia jembe. Anakaa kwanza barazani.

Barazani huko kuna jambo jingine. Karibu kila kundi la wanafunzi hukutana na mazungumzo haya.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, wajukuu zangu. Mnachimba nini hapo?”

“Tunatafuta vitu vya kale, babu. Vigae, mifupa, mawe ya zamani.”

“Vigae!” Mzee anatazama magari ya chuo yenye maandishi ubavuni. “Mmetoka Dar es Salaam na magari yote haya kutafuta vigae? Semeni tu, ni rupia za Mjerumani.”

Imani kwamba Wajerumani walifukia dhahabu na rupia walipokuwa wakikimbia imeenea kutoka Songea hadi Tanga. Ina madhara makubwa, kwa kuwa watu huchimba usiku kuzunguka maboma ya zamani, kwenye makaburi, chini ya miti mikubwa, kila palipo na alama jiweni. Mahali palipohifadhi historia ya miaka 800 huvurugwa kwa usiku mmoja, na wachimbaji hurudi nyumbani mikono mitupu. Mwanafunzi anafundishwa njia moja ya kuaminika, nayo ni kuweka kila kitu wazi. Mkutano wa kijiji unaitishwa na mwenyekiti, vijana wa hapo wanaajiriwa kuchimba na kuchekecha, na mtu yeyote anakaribishwa kuchungulia shimoni. Mwisho wa kazi vitu vyote vinatandazwa kwenye turubai, watu wanavishika. Nimeona mama akinyanyua kipande cha ukingo wa chungu na kusema bibi yake alifinyanga hivihivi. Hakuna mhadhara unaoweza kushindana na neno hilo.

Siku ya mwisho shimo linafukiwa. Karatasi ya nailoni inatandikwa chini ili atakayekuja miaka 50 ijayo ajue pale mwenzake alipoishia, kisha udongo unarudishwa. Hata nyayo za mwaka 1978 za Laetoli zilifukiwa upya kwa uangalifu katikati ya miaka ya 1990, baada ya mizizi ya miti kuanza kuzitishia. Watalii hawazioni, na wengi hunung'unika. Mimi naona ulikuwa uamuzi sahihi.

Sasa lile swali la mzazi.

Kazi zipo, ila zimegawanyika na nyingi hazijapewa jina. Oldupai na Laetoli ziko chini ya mamlaka ya Ngorongoro. Magofu ya Kilwa yanasimamiwa na TAWA, ya Kaole na TFS, taasisi ambazo asili yake ni wanyamapori na misitu. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambazo ni Urithi wa Dunia tangu 1981, zilikaa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014 kabla hazijaondolewa kwa jitihada kubwa. Ukuta wa matumbawe na chokaa unahitaji anayejua ulijengwaje, na askari wa wanyamapori, kwa moyo wake wote, hakufundishwa hilo. Kisha kuna miradi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini kabla ya ujenzi mkubwa, na urithi wa kale ni sehemu ya tathmini hiyo. Bomba la mafuta kutoka Hoima hadi Tanga lina kilomita 1,443, kati yake 1,147 zikiwa Tanzania. Mtaro wa urefu huo unakata makazi ya kale, matanuri na makaburi, na panatakiwa mtu wa kuyatambua kabla katapila halijapita.

Miradi mikubwa, angalau, hukaguliwa. Hofu yangu ni midogo: barabara za vijijini, machimbo ya kokoto, stendi mpya, madarasa, visima. Hiyo haina mtaalamu wa malikale hata mmoja, na kwa jumla inachimba ardhi nyingi. Halmashauri ina afisa utamaduni, ambaye mara nyingi ameelemewa na ngoma, michezo na mapokezi ya mwenge. Wakati huohuo wahitimu waliopiga magoti kwa miaka mitatu wanafundisha kwa kujitolea au wanauza vocha. Naamini kila halmashauri yenye eneo la kale, na sijui isiyo nalo, inapaswa kumwajiri walau mhitimu mmoja wa akiolojia, akae ofisi moja na wapimaji wa ardhi, na sahihi yake ihitajike kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa. Gharama ni mshahara mmoja. Hasara ya kutofanya hivyo hailipiki.

Kwa vijana wanaosubiri matokeo ya kidato cha sita: ukiona akiolojia kwenye orodha ya kozi, isome maelezo yake kabla hujairuka. Inataka subira, mwandiko unaosomeka na mtu asiyeongeza chumvi.

Na wewe msomaji, ukichimba msingi, choo au kisima ukakuta vigae vingi mahali pamoja, shanga, mifupa, mawe yaliyochongwa au mavi ya chuma, simamisha kazi. Usivioshe, usivigawe. Piga picha vikiwa palepale, pima kina hata kwa mpini wa jembe, kisha toa taarifa ofisi ya kijiji au mtaa na Idara ya Malikale.